Tukiweka aikoni kwenye tarakilishi, tuiite programu kwa jina gani?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili alinisimulia kisa ambacho sikutarajia kingenirudisha kwenye mjadala wa istilahi. Shule yake ilipata tarakilishi kuukuu zilizowekwa mfumo wa Linux. Mwalimu akapakua programu ya kamusi, akaiweka, ikafanya kazi. Tatizo ni kwamba haikuonekana popote. Ili kuifungua ilimbidi aandike amri kwenye lile dirisha jeusi la maandishi, jambo ambalo wanafunzi hawakuliweza. Kila kipindi walimuuliza swali lile lile: "Mwalimu, hako kapicha ka kamusi kako wapi?"

Hatimaye alijifunza kukaweka hako kapicha mwenyewe. Akaliandika na jina, "Kamusi". Hata hivyo, kuna waliozoea kutafuta programu kwa kuandika neno kwenye kisanduku cha utafutaji. Mmoja aliandika "msamiati", mwingine "maana ya maneno", wa tatu akaandika "dictionary". Wote watatu hawakupata kitu. Wa kwanza alimaliza maneno: "Hii kompyuta haijui Kiswahili."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Je, ni kweli tarakilishi haijui Kiswahili, au ni sisi ambao hatujaiambia? Nitaeleza kwanza jinsi programu inavyopewa aikoni na jina, kisha nijadili lugha tunayostahili kuitumia hapo.

Kapicha, picha au aikoni?

Wanafunzi wale walisema "kapicha" kwa kutumia kiambishi cha udogo "ka-", ambacho katika mazungumzo ya Kenya kimeshika nafasi ya "ki-" ya usanifu. Katika maandishi, neno lililoenea ni "aikoni", ingawa wapo wanaoandika "ikoni". Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya taswira au mfano wa kitu. Katika taaluma ya tarakilishi neno hili lilianza kutumiwa na David Canfield Smith katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 1975 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka wa 1981 kampuni ya Xerox ikatoa mashine iliyoitwa Star, iliyokuwa na vipicha vya hati, folda na sanduku la barua kwenye skrini. Mwaka wa 1984 Macintosh ya Apple ikavifikisha vipicha hivyo, vingi vikiwa vimechorwa na Susan Kare, kwa watu wa kawaida.

Wanafunzi wa isimu wanalifahamu neno hili kwa njia nyingine. Mwanafalsafa Charles Sanders Peirce aligawa ishara katika makundi matatu. Kuna ishara inayofanana na kitu chenyewe, kama picha ya nyumba. Hiyo ndiyo aikoni. Kuna inayoelekeza kwa sababu ya uhusiano wa moja kwa moja, kama moshi unavyoashiria moto. Halafu kuna ile inayofahamika kwa makubaliano tu, kama neno "nyumba", ambalo halifanani na nyumba kwa sauti wala kwa umbo.

Kwa kipimo hicho, nyingi tunazoziita aikoni zimeacha kuwa aikoni. Chukua kile kipicha cha diski ya kuhifadhia kazi. Mwanafunzi wa leo hajawahi kuishika diski yenyewe. Kwake ile si picha ya kitu, ni alama aliyoambiwa kwamba maana yake ni "hifadhi". Ndiyo sababu picha peke yake haitoshi. Inahitaji jina chini yake, na jina hilo ni lazima liwe katika lugha fulani.

Kizindua, kifungua programu au njia ya mkato?

Ukibofya aikoni na programu ikafunguka, kuna kitu katikati kilichopeleka ujumbe. Kitu hicho tukiiteje? Kwenye Windows tumezoea "njia ya mkato". Neno hili lina bahati kwa sababu lilikuwepo kabla ya tarakilishi. Anayekatiza shambani kuelekea sokoni amepita njia ya mkato. Wanaotumia Linux wana chaguo mbili zinazoshindana: "kizindua" na "kifungua programu".

Kitenzi "zindua" tunakijua. Tunazindua kitabu, mradi au kampeni. Hilo ni tendo la mara moja, na mara nyingi lina sherehe na wageni waalikwa. Programu inayofunguliwa mara ishirini kwa siku haizinduliwi kwa maana hiyo. Anayekitetea anaweza kunijibu kwamba "zinduka" ni kugutuka kutoka usingizini au kurejewa na fahamu, na kwamba programu iliyolala huzinduliwa ikaamka. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mimi naegemea "kifungua programu" kwa sababu lugha tayari ina ndugu zake: kifungua kinywa, kifungua mimba, kifungua mlango. Muundo wa "ki-", kitenzi na nomino si mgeni masikioni mwa Mswahili. Tena mwanafunzi anaposema "nifungulie ile programu" hatumii kitenzi "zindua" hata siku moja.

Jinsi ya kuweka kifungua programu

Kwenye eneokazi nyingi za Linux, kila programu unayoiona kwenye menyu ina faili yake ndogo ya maandishi ambayo jina lake huishia na ".desktop". Faili hiyo si programu. Ni kama kitambulisho. Inasema jina la programu, mahali inapokaa, picha yake, na kundi lake kwenye menyu. Utaratibu wake umewekwa na freedesktop.org, hivi kwamba faili moja hueleweka na eneokazi tofauti kama GNOME, KDE na Xfce.

Tuseme programu ya kamusi imewekwa mahali paitwapo /opt/kamusi/kamusi. Hatua ni hizi.

Kwanza, hakikisha programu yenyewe ina ruhusa ya kuendeshwa. Programu nyingi zinazopakuliwa zikiwa faili moja huja bila ruhusa hiyo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa zake, kisha uweke alama kwenye ruhusa ya kuiendesha kama programu.

Pili, tafuta picha. Iwe ya aina ya PNG au SVG. Ile ya SVG ni bora kwa sababu haipotezi ukali inapokuzwa. Ikiwa ni PNG yenye upana na urefu wa pikseli 48, iite kamusi.png na uiweke katika folda ~/.local/share/icons/hicolor/48x48/apps. Ikiwa ni SVG, iite kamusi.svg na iende katika folda ya scalable/apps ndani ya hicolor hiyo hiyo. Kama folda hizo hazipo, ziunde. Ile alama ya wimbi mwanzoni husimamia folda yako ya nyumbani, na folda zinazoanza kwa nukta hufichwa. Bonyeza Ctrl na H pamoja ili uzione.

Tatu, fungua kihariri cha maandishi cha kawaida, uandike faili na kuihifadhi kwa jina kamusi.desktop katika folda ~/.local/share/applications. Faili za watumiaji wote wa mashine hukaa /usr/share/applications, lakini huko unahitaji mamlaka ya msimamizi. Mstari wa kwanza wa faili ni kichwa: maneno Desktop Entry yaliyofungiwa ndani ya mabano ya mraba. Kisha yafuate haya:

Type=Application
Name=Dictionary
Name[sw]=Kamusi
Comment=Find the meaning of words
Comment[sw]=Tafuta maana ya maneno
Exec=/opt/kamusi/kamusi
Icon=kamusi
Terminal=false
Categories=Office;Dictionary;
Keywords=meaning;vocabulary;
Keywords[sw]=msamiati;maana;neno;maneno;istilahi;dikshonari;

Yaliyo upande wa kushoto wa alama ya usawa yaache yalivyo, pamoja na herufi zake kubwa na ndogo. Hayo husomwa na mashine, wala hayatafsiriwi. Ukiandika "Jina=Kamusi", mashine haitajua unasema nini. Yetu ni ya upande wa kulia.

Nne, ikague kazi yako. Iko amri iitwayo desktop-file-validate ambayo ukiipa jina la faili hukuonyesha makosa. Ikinyamaza, faili ni salama. Baada ya hapo aikoni huonekana kwenye menyu. Isipoonekana, toka kwenye akaunti yako na uingie tena.

Makosa yanayowasumbua wengi ni matatu. La kwanza ni kuandika ile alama ya wimbi kwenye mstari wa Exec. Pale haieleweki; andika njia nzima kuanzia mkwaju wa kwanza. La pili ni kuandika Icon=kamusi.png. Ukiiweka picha katika folda nilizotaja, andika jina lake bila mkia. Ukitaka kutaja mkia, toa njia nzima ya picha ilipo. La tatu ni njia yenye nafasi kati ya maneno, kama folda iitwayo "Kamusi Mpya". Njia ya namna hiyo kwenye Exec lazima ifungwe kwa alama za mtajo, la sivyo mashine hudhani neno la kwanza ndilo jina zima.

Anayetumia Windows ana kazi nyepesi zaidi. Huunda njia ya mkato kwa kubofya programu kwa kitufe cha kulia, akabadilisha aikoni kwenye sifa zake, na akaipa jina jipya kwa kubonyeza F2. Lakini huko kwa kawaida jina la njia ya mkato ni jina la faili yenyewe. Ni jina moja tu. Hakuna mahali pa wazi pa kuandika jina la pili kwa ajili ya mtumiaji wa lugha nyingine, na hapo ndipo faili ya Linux inapompa mwanalugha nafasi ya pekee.

Herufi mbili zenye uzito: sw

Tazama tena mistari yenye [sw]. Hiyo ndiyo alama ya kimataifa ya Kiswahili. Mtu aliyeuweka mfumo wake katika Kiswahili ataona "Kamusi". Aliyeuweka katika lugha nyingine isiyotajwa kwenye faili ataona ule mstari usio na mabano, yaani "Dictionary". Hivyo mstari usio na mabano haupaswi kukosekana. Ndio tegemeo la wote wengine.

Ziko pia alama za nchi: sw_KE kwa Kenya, sw_TZ kwa Tanzania, sw_UG kwa Uganda na sw_CD kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mashine iliyowekwa Kiswahili cha Kenya hutafuta kwanza mstari wa sw_KE. Isipoupata hutafuta sw. Isipoupata huenda kwenye mstari usio na mabano. Mpenzi msomaji, unajua ni mabishano mangapi tumekuwa nayo kuhusu "tarakilishi" na "kompyuta", au "ngamizi" ambalo halikupata mashiko. Wahandisi walioweka utaratibu huu hawakuwa na habari na ubishi wetu, lakini walituachia nafasi ya kuutatua. Andika "kompyuta" kwenye sw, na kama unaona Mkenya anastahili "tarakilishi", iandike kwenye sw_KE. Hakuna anayelazimika kushindwa.

Tahadhari moja. Ikiwa mashine zote za shule zimewekwa katika Kiingereza, mistari ya [sw] haitaonekana. Mwalimu ana njia mbili: aibadilishe lugha ya mfumo mzima, au aandike Kiswahili moja kwa moja kwenye mstari usio na mabano katika faili yake binafsi. Ukiwa na faili yenye jina sawa na ile ya mfumo ndani ya folda yako ya nyumbani, yako ndiyo hufuatwa. Kwa hivyo hata kikokotoo kilichokuja na mashine unaweza kukipa jina la Kiswahili bila kuiharibu faili ya asili.

Jina ni moja, lakini maneno ya kuitafutia ni mengi

Sasa turudi kwa wale wanafunzi watatu. Mwalimu alikuwa ameandika Name tu, akauacha mstari wa Keywords. Mstari huo hauonekani na mtumiaji. Kazi yake ni kuisaidia mashine ilinganishe neno lililoandikwa kwenye kisanduku cha utafutaji na programu inayofaa. Kwa maoni yangu, huo ndio mstari wenye thamani kubwa kuliko yote kwa lugha kama yetu.

Jina linaloonekana linatakiwa liwe fupi, sanifu na lisilobadilika: Kamusi, Kikokotoo, Kalenda, Kivinjari. Hapo sina mzaha, kwa sababu mwanafunzi hujifunza tahajia kwa kuiona kila siku. Lakini mtu hatafuti kwa lugha ya kitabu. Hutafuta kwa neno lililo mdomoni. Anayetafuta kikokotoo ataandika "kalkuleta", "hesabu", "kujumlisha" au "piga hesabu". Anayetaka kivinjari ataandika "intaneti", "mtandao", "wavuti" au hata "kisakuzi" ikiwa mwalimu wake alipenda neno hilo. Anayetaka kuandika barua hataandika "kichakata matini". Ataandika "barua" au "kutaipu". Maneno hayo yote yana makao kwenye Keywords, yakitenganishwa kwa nukta-mkato.

Tumezoea kudhani kwamba kukubali neno la mazungumzo ni kulitupa lile sanifu. Faili hii ndogo inaonyesha kwamba si lazima. Anayeandika "kalkuleta" anaipata programu, na inapotokea mbele yake imeandikwa "Kikokotoo". Amepokelewa na neno lake mwenyewe, kisha akafundishwa jipya bila kukaripiwa. Ni walimu wangapi wa lugha wanaweza kusema hufanya hivyo darasani?

Ngeli nazo zina madai yao

Faili ya namna hii inaweza kuwa na vitendo vya ziada, vile vinavyojitokeza ukibofya aikoni kwa kitufe cha kulia: kufungua dirisha lingine, kuanza hati nyingine na kadhalika. Katika Kiingereza neno la "upya" halibadiliki, liwe mbele ya dirisha, faili au kichupo. Mtayarishaji programu asiyejua Kiswahili huona ni busara kulitafsiri mara moja na kuliunganisha na nomino yoyote. Matokeo yake ni "mpya dirisha" au "dirisha mpya", na hapo msomaji wa Kiswahili hupoteza imani.

Kwetu ni dirisha jipya kwa sababu dirisha liko katika ngeli ya LI-YA. Ni faili mpya katika I-ZI, kichupo kipya katika KI-VI, na ukurasa mpya katika U-ZI. Madirisha yakiwa mengi ni mapya. Kwa bahati nzuri, katika faili ya ".desktop" kila kitendo kina mstari wake wa Name, hivyo mfasiri huandika kirai kizima na upatanisho ukakaa sawa. Lakini ndani ya programu zenyewe ujumbe mwingi huundwa kwa kuacha pengo la jina, kama vile "___ imefutwa". Jina likiwa "faili", sentensi ni sahihi. Likiwa "kichupo", tumepata "kichupo imefutwa". Mfasiri mwerevu hukwepa mtego huo kwa kuweka nomino yake mwenyewe mbele ya pengo: "Kipengee ___ kimefutwa". Upatanisho sasa unafuata "kipengee", na jina lolote litakalojazwa halitauvuruga.

Vivyo hivyo kwa mstari wa Comment. Je, tuandike "Tafuta maana ya maneno", "Kutafuta maana ya maneno" au "Hutafuta maana ya maneno"? Ya kwanza humwambia mtumiaji afanye nini, ya pili hutaja shughuli, na ya tatu huisifu programu kwa mazoea yake. Mimi huchagua ya kwanza kwa sababu ni fupi na humwelekea mtumiaji. Muhimu zaidi ni kwamba ukishachagua muundo mmoja, uufuate katika programu zote. Menyu inayochanganya miundo mitatu husomeka kama kazi ya watu watatu waliogombana.

Kazi hii ni ya nani?

Haya si mapya kabisa. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile ilihitaji wataalamu, faharasa na ufadhili. Ninachokieleza hapa hakihitaji hata kimoja cha hivyo. Kinahitaji mtu anayejua Kiswahili, kihariri cha maandishi na nusu saa.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini urasmi wa lugha hauishi katika kifungu peke yake. Huishi pia pale mtoto anapoandika neno kwenye kisanduku na kupata jibu, au kutopata. Yule aliyesema kompyuta haijui Kiswahili hakuwa ameisoma Katiba. Alikuwa ameandika "msamiati" na kuona ukurasa mtupu.

Mwalimu wake alipoongeza ule mstari mmoja wa maneno ya kutafutia, aliniambia, mambo yalibadilika siku hiyo hiyo. Sasa kazi ya darasa lake ni kukusanya maneno: kila mwanafunzi anaandika neno ambalo yeye, nyanyake au jirani yake angelitumia kutafuta programu fulani, kisha wanajadiliana lipi liwe jina na yapi yaingie kwenye Keywords. Hilo ni somo la msamiati, visawe, lahaja na usanifishaji kwa pamoja, na linaisha kwa kitu kinachofanya kazi kwenye skrini.

Walimu wenzangu, jaribuni na darasa lenu. Anzeni na programu moja tu, kikokotoo au kamusi, na mkusanye maneno kabla ya kuchagua jina.